Masaa 8 bandarini yanatosha?

Dada, umeuliza kama masaa 8 ya meli ya utalii kukaa bandarini yanatosha kuuona mji bila kuachwa. Yanatosha, ila kwanza fungua ramani. Mji uliotajwa kwenye ratiba huenda usiwe pale meli inapofunga gati. Safari ya "Roma" hufikia Civitavecchia, zaidi ya kilomita 60 kutoka Roma yenyewe. Ya "Paris" huishia Le Havre, karibu kilomita 200. Hapo nusu ya siku imeliwa na barabara. Valletta, Malta, ni kinyume kabisa: unatembea kidogo, unapanda lifti ya Barrakka, umeshaingia mji mkongwe, na meli yako unaitazama kwa chini.

Halafu saa yako iache kwenye saa ya meli. Simu hujibadilisha yenyewe ikifika nchi nyingine, na hapo ndipo wengi huponzwa. Mlango wa meli nao hufungwa kabla ya muda wa kuondoka, mara nyingi nusu saa. Nimewaona wawili wakikimbia gatini, viatu mkononi, kamba ya mwisho ikifunguliwa. Waliachwa. Ukitoka na ziara ya meli, kwa kawaida mkichelewa mnangojwa. Ukitoka kivyako, hungojwi.

Mimi huanza na cha mbali zaidi, kisha nikarudi taratibu kuelekea bandarini. Na ile karatasi ya ratiba ya siku ipige picha kabla hujashuka, maana mara nyingi ina namba ya wakala wa meli pale mjini.