Bibi aliuza kibanja mwaka 1978 akiwa mke wa mtu: je, mauzo yalikuwa halali?

SWALI: Marehemu bibi yetu, Mhaya wa Muleba, aliuza kibanja (shamba la migomba la nyumbani) kwa jirani mwaka 1978, babu akiwa bado hai. Karatasi ya mauziano tunayo. Sasa watoto wa kaka yake bibi wanataka jirani aondoke, wanasema zamani mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuuza ardhi. Ni kweli?

JIBU: Kwa namna walivyolisema, si kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa imeshaanza kutumika, na kifungu chake cha 56 kinampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, ardhi ikiwemo. Kifungu cha 58 kinasema kufunga ndoa hakubadilishi umiliki wa mali. Ridhaa ya mwenzi inadaiwa kwenye nyumba ya ndoa, na hapo mume naye anabanwa vilevile.

Kilichowafunga mikono bibi zetu ni ukoo. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, kanuni ya 20 ya urithi, lilisema mwanamke anaweza kurithi, ila shamba la ukoo atalitumia tu, hawezi kuliuza. Awe ameolewa, mjane au hajaolewa kabisa, katazo lilikuwa lile lile. Binti analima, anapalilia migomba, anachuma kahawa miaka 30, lakini akiugua na kutaka kuuza ajitibu, wapwa wanasimama mlangoni.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili: kibanja kilimfikiaje? Kama alikinunua kwa fedha zake, wapwa hawana hoja. Kama kilikuwa cha babu, wa kulalamika angekuwa babu. Lakini wanaodai ni upande wa kaka yake, hivyo nahisi alikirithi kwa baba yake. Hapo ndipo pagumu.

Watawatajia mila. Ninyi someni kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyotoka huko huko kwenu. Bi Holaria aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 300,000, mwaka 1988. Mahakama ya Mwanzo Kashasha ilibatilisha mauzo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliyathibitisha kuwa halali: katazo lile ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Wanaukoo wakilitaka shamba, walikomboe kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake.

Msiitegemee hukumu hiyo peke yake, lakini. Ilisimama juu ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, miaka sita baada ya bibi kuuza.

Ngao ya jirani yenu iliyo imara zaidi ni muda. Shauri la kudai ardhi lina ukomo wa miaka 12, naye amekaa pale zaidi ya miaka 40 bila kificho. Akiitwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, pingamizi la ukomo liwekwe mwanzoni kabisa, kabla ya kubishana juu ya mila.

Karatasi hiyo msiikunje tena. Itoeni nakala leo. Kisha tazameni chini, penye mashahidi. Siku zile ndugu wa kiume aliitwa ashuhudie, pamoja na balozi wa nyumba kumi. Mkikuta dole gumba la kaka yake bibi, watoto wake watapata shida kueleza kwa nini baba yao alinyamaza.