Mustang, Camaro au Challenger? Kwanza lisikie likiwa baridi

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni mtu wa Mombasa, nipo Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni kuendesha malori ya masafa marefu. Tangu utotoni natamani gari la V8 la Kimarekani, haya wanayoyaita magari ya misuli. Nimeweka akiba dola 32,000 na nimepata matatu: Mustang GT ya 2018, gia za mkono, maili 48,000, kwa dola 29,500, Camaro SS ya 2017, otomatiki, maili 41,000, kwa dola 30,900, na Dodge Challenger Scat Pack ya 2016, otomatiki, maili 66,000, kwa dola 28,700. Lipi lina injini ya kudumu? Na nikirudi nyumbani, naweza kwenda nalo Mombasa? Tuna mtoto wa miaka minne, na nikiwa safarini mke wangu ndiye atakayeliendesha. Yeye amejifunzia otomatiki.

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza habari ya injini, lakini mimi nimeanzia kwenye sentensi yako ya mwisho. Shemeji anajua otomatiki tu, na wewe kwa kazi hiyo unalala nje siku nyingi kuliko unazolala kwako. Maana yake gari hili litakuwa mikononi mwake zaidi kuliko mikononi mwako, na mtoto yuko nyuma kwenye kiti chake. Hapo Mustang uliyoipata imeshatoka, kwa sababu ya gia tu.

Nimeitoa kwa shingo upande. Ungekuwa kijana peke yako ningekwambia uichukue. Ile injini ya lita 5.0 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018 ilifika nguvu za farasi 460, na ikapewa nozeli za aina mbili, za kunyunyizia ndani ya silinda na za kunyunyizia kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu zake hazigandi masizi kama injini zenye nozeli za ndani peke yake. Lawama zake mbili ni hizi: baadhi ya injini za miaka hiyo zinakunywa oili, na giaboksi yake ya mkono, MT-82, inalalamikiwa kwa ugumu wa kuingiza gia, hasa asubuhi ya baridi. Ukipata ya mwaka huohuo yenye otomatiki ya gia 10, niandikie tena, tutazungumza upya.

Sasa hesabu. Umesema una dola 32,000, na bei ulizonipa ni za kibandiko cha kiooni. Ohio wanatoza kodi ya mauzo kuanzia asilimia 5.75, na kaunti inaongeza yake juu. Kwa kiwango hicho cha chini tu, Camaro ya 30,900 inakuwa 32,676. Umeshapitiliza kabla hujalipia namba wala bima. Mustang inafika kama 31,196, na Challenger 30,350. Hii ya mwisho ndiyo peke yake inayokuachia pesa za kushughulikia gari baada ya kulinunua, na gari lililotembea maili 66,000 lina mahitaji yake.

Camaro ndiyo hodari kuliko zote kwenye kona. Ina kilo kama 1,670 na nguvu za farasi 455, na imejengwa juu ya chesisi iliyotumiwa pia na Cadillac ATS. Ukiiendesha kwenye barabara ya milimani utaipenda mpaka basi. Lakini ukikaa ndani, madirisha yake ni membamba, nyuma unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Buti lake ni lita 258, na mdomo wa buti ni mdogo. Kiti cha mtoto utakiingiza nyuma kwa kupinda mgongo, na shemeji atafanya hivyo kila asubuhi, majira ya theluji akiwa na koti zito mwilini.

Hiyo ya 2017 ina jambo jingine. Otomatiki yake ya gia 8 inajulikana kwa mtetemo: unakwenda mwendo wa wastani, mguu umegusa mafuta kidogo tu, na gari linatetemeka kama limepita juu ya ile michirizi ya pembeni ya barabara kuu, wewe dereva wa malori unaijua. Mara nyingi chanzo chake ni oili ya giaboksi ya awali kufyonza unyevu, na General Motors walitoa oili mpya ya kuondoa tatizo hilo. Mwenye kuuza akikuonyesha risiti ya kubadilishiwa oili hiyo, nusu ya wasiwasi umeisha. Asipokuwa nayo, lijaribu barabarani kwa dakika 30, si kuzunguka mtaa mmoja.

Inabaki Challenger, na hilo ndilo jibu langu, kwa masharti. Ni zito, linapita kilo 1,900, kwa hiyo zile nguvu zake 485 za injini ya lita 6.4 zinabeba mzigo kuliko wenzake. Halina wepesi wa Camaro. Lakini nyuma wanakaa watu wazima, buti ni lita 459, na giaboksi yake ya gia 8, ubunifu wa kampuni ya ZF ya Ujerumani, ni otomatiki niliyoizoea na ninayoiamini. Kwa familia yenye gari moja, hilo ndilo la kwenu.

Masharti yenyewe yako kwenye injini. Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo utakapookoa pesa zako au kuzipoteza.

Injini za Hemi, yaani hizi V8 za Dodge kama ya Challenger hiyo, zina milio miwili ambayo watu wanaichanganya. Wa kwanza unatoka kwenye manifoldi ya ekzosi, lile bomba linalokusanya moshi unapotoka kwenye injini. Bolti zinazoishikilia kwenye silinda hedi hukatika, hasa zile za nyuma karibu na ukuta unaotenga injini na abiria, kwa sababu chuma kinapanuka na kusinyaa kila siku mpaka bolti inachoka. Ikikatika, moshi unapenya kwenye mwanya na unasikia tik-tik-tik inayokwenda kasi kadiri unavyokanyaga mafuta. Dalili yake kubwa ni kwamba injini ikiwa baridi unasikika sana, na baada ya dakika chache unafifia, kwa kuwa chuma kimepata moto, kimepanuka na kuziba mwanya. Ukimulika tochi utaona masizi meusi palipovuja. Fundi mzuri anakitoa kipande kilichobaki ndani kwa kukichomelea nati juu yake na kukizungusha. Inaudhi, lakini haiui injini. Ni jambo la kupunguziwa bei.

Mlio wa pili ni wa tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu zifunguke. Tapeti za Hemi zina kijigurudumu kinachotambaa juu ya kemshafti, ile shafti yenye nundu, na ndani ya kijigurudumu kuna vijisindano vyembamba vya chuma vinavyokisaidia kuzunguka. Vikichakaa, kijigurudumu kinakwama, na badala ya kuzunguka kinaanza kuisugua kemshafti mpaka nundu yake inalika. Mlio huu haufifii injini ikipata moto. Unabaki palepale gari likiwa limesimama linanguruma, kama kijiko kinachogonga kikombe, na baada ya muda silinda moja inaanza kukosa kuwaka. Kwenye kompyuta itasomeka alama ya hitilafu, mafundi tunaiita kodi, kama P0305, na ile tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda yenye taabu. Kuitengeneza ni kufungua silinda hedi, kutoa kemshafti na kuweka mpya pamoja na tapeti zote, na vumbi la chuma limeshazunguka ndani ya oili. Ukisikia mlio huu, muuzaji akushushie hata dola 3,000, muage kwa heshima uondoke.

Hiyo yako ni otomatiki, kwa hiyo ina ule mfumo wa kuzima silinda nne mwendo ukiwa mwepesi ili kupunguza mafuta. Scat Pack ya gia za mkono haina. Mfumo huo unatumia tapeti za aina yake, na ndizo zinazotajwa sana kwenye malalamiko. Kwa sababu hiyo nataka uone risiti za oili. Injini hii inatumia 0W-40. Ukikuta risiti inayosema 5W-20, aliyekuwa akiihudumia hakusoma kitabu cha gari.

Sasa jinsi ya kusikiliza. Majira ya baridi yaliyopita nilimsindikiza kijana mmoja hapa Dayton kwenda kuangalia gari la V8. Ahadi ilikuwa saa tatu asubuhi. Usiku theluji ilikuwa imeanguka, na kila gari pale uwanjani lilikuwa na kofia nyeupe juu ya paa na juu ya boneti. Hilo letu paa lilikuwa jeupe kama mengine, lakini boneti ilikuwa tupu, inang'aa maji. Nikaweka kiganja: moto. Muuzaji alikuwa ameliwasha mapema, akaliacha likinguruma mpaka mlio ufifie, ndipo akalizima kutungoja sisi. Hatukugombana naye. Tulimwambia tutarudi kesho na tukamwomba asiliguse. Kesho yake lilipowashwa likiwa baridi, yule kijana mwenyewe, asiyejua hata plagi ilipo, aligeuka akanitazama.

Kwa hiyo fika bila kutangaza saa kamili, gusa boneti kabla salamu hazijaisha, kisha mwambie alifungue na aliwashe wewe ukiwa umesimama upande wa mbele. Sekunde mbili tatu za mwanzo, oili inapopanda, usizihesabu. Baada ya hapo simama dakika 15 kamili usikilize, kushoto kisha kulia. Halafu uingie barabarani.

Peleka gari kwa fundi wako, asiwe fundi wa muuzaji. Achomeke kompyuta kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, na asiangalie kodi za hitilafu peke yake. Aangalie kama vile vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe vimekamilika. Vikiwa havijakamilika, kuna mtu amefuta kodi siku hizi mbili tatu au amechomoa betri, na taa ya injini haiwaki kwa kuwa gari halijamaliza kujipima. Alinyanyue pia aone chini. Ohio tunamwaga chumvi barabarani kila mwaka, na gari la 2016 limepita misimu mingi ya chumvi. Kutu nyepesi kwenye ekzosi ni kawaida. Kutu inayobanduka kwa vigae kwenye mabomba ya breki si kawaida.

Nambari ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, uone kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo hayajafanywa. Hayo unafanyiwa bure. Na hiyohiyo nambari mpe wakala wa bima akupe bei kabla hujatoa hata dola moja ya malipo ya awali. Hili nalisisitiza kwa Challenger. Taasisi ya HLDI, inayokusanya takwimu za hasara za bima Marekani, imeziweka Dodge Charger na Challenger miongoni mwa magari yanayoibiwa zaidi, na kampuni za bima zinalijua hilo. Mwaka 2021 Dodge walitangaza programu ya ulinzi, bila malipo, kwa magari ya 2015 hadi 2021 yenye injini ya lita 6.4 kama hilo lako: pasipo kuingiza namba ya siri ya tarakimu nne, injini haitoi hata nguvu tatu za farasi. Muulize wakala wa Dodge kama imewekwa. Kama bado, iwekwe kabla halijalala nje usiku wa kwanza.

Tairi pia. Soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ukikuta ni tairi za kiangazi, shemeji asiendeshe nazo Disemba. Mpira wake unakuwa mgumu kama ubao baridi ikikaribia sifuri, na gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Zile pesa ulizobakiza, fungu la kwanza ni tairi nne za theluji.

Kuhusu Mombasa, nitakukata tamaa mapema. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na haipokei gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hilo la 2016 limegonga pande zote mbili. Katika haya matatu, Mustang peke yake ndiyo iliyotoka kiwandani na usukani wa kulia, kuanzia toleo la 2015, kwa masoko kama Uingereza na Australia. Ukitaka V8 ya kutembelea Nyali, itafute Uingereza wakati huo, na hii ya Ohio uiuze hukohuko Ohio.

Ukienda kuiona, rekodi sauti kwa simu. Anza kurekodi kabla haijawashwa, boneti ikiwa wazi, uendelee mpaka mshale wa moto utulie, kisha unitumie. Nitasikiliza usiku huohuo.