Maua yanaoza, na kichwa nacho kimekauka

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni fundi cherehani hapa Tabata, nashona nguo za kina mama. Miezi sasa mshono mpya haunijii, narudia uleule mpaka wateja wameanza kusema. Shoga yangu akaniambia nipande maua yatanifungua akili, nikanunua sakulenti nne, yale maua ya majani manene, barabarani, namwagilia kila asubuhi, tatu zimeoza shina. Hivi kweli bustani inaleta ubunifu au naunguza hela tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa hizo tatu. Shida ni maji. Sakulenti inaweka akiba yake kwenye jani, na nyingi vitundu vyao vya kupumulia vinafunguka usiku, mchana vinafungwa ili maji yasipotee, sasa ukimwaga kila siku na huu unyevu wa Dar mizizi inakaa kwenye tope, inakosa hewa, inaoza. Chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu mpaka chini ndo unamwagilia. Masika yakianza Machi sogeza barazani. Udongo changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mto, wa baharini usiuguse una chumvi. Kopo tupu la rangi linafaa, ila toboa chini kwa msumari, alafu lipambe mwenyewe, maana hata yule mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 alianzia hapahapa mjini kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi.

Ubunifu unakuja, mi nimeuona. Nasuka mikeka ya ukili, na kuna kipindi nilikwama kama wewe. Nilikuwa na sansevieria mlangoni, ile ya majani marefu kama panga yenye ukingo wa njano, nikawa nakaa nayo jioni bila simu naliangalia jani moja tu. Yale mabaka hayalingani hata kidogo, mengine yanakatika katikati mengine yanapanda kama moshi, nikaanza kuyasuka hivyohivyo bila kuyanyoosha na ule mkeka niliupenda kuliko yote niliyowahi kusuka. Wewe fundi ukiangalia huo ukingo utaona paipini, ule utepe mwembamba wa kwenye ukingo wa nguo. Mshubiri uangalie kwa juu, majani yanavyopishana kwa kuzunguka, hayo ni marinda kabisa! Chukua chaki uyachore kwenye karatasi la kukatia, usisubiri mpaka kesho.

Ila ukitaka kuzalisha sansevieria ya ukingo wa njano gawa shina kwenye mizizi, ukipanda kipande cha jani watoto wanatoka kijani kitupu, mi nilisubiri miezi kwa hamu nikaumia sana.

Hizo zilizooza usitupe, kama juu bado pagumu kata mpaka ufike penye nyama safi, ziache kivulini siku nne kidonda kikauke ndo upande. Na hiyo moja nzima itoe leo kwenye hilo tope.