Siwezi Tena Kufanya Kazi: Je, Bado Nina Thamani?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nilikuwa nauza mabuibui mtandaoni, kila siku naweka picha, na wateja na laiki hazikuwa haba. Tangu nipasuliwe mgongo siwezi kukaa muda mrefu, biashara imesimama. Nikiweka stetasi wanaotazama ni wale wale wachache. Wenzangu wamenipita, na najiona mzigo kwa mume wangu. Je, huu ni udhaifu wa imani?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh, binti yangu. Allah akupe shifaa ya haraka.

Huzuni si upungufu wa imani. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe (Yusuf 12:84), naye ni Nabii.

Kuhusu mzigo, kisheria hilo halipo. Chakula chako, mavazi na makazi ni wajibu wa mumeo, hata ungekuwa tajiri kuliko yeye. Ulichokuwa ukichangia kilikuwa ihsani yako, nayo ina malipo yake. Nawaona wanawake wengi wakijilaumu kwa deni ambalo hawadaiwi, na jambo hili linaniuma.

Sasa thamani yako. Anas (r.a.) amesimulia kisa cha Zahir, bedui aliyekuwa akimletea Mtume (s.a.w.) zawadi za jangwani. Hakuwa mzuri wa sura. Siku moja yuko sokoni anauza bidhaa zake, Mtume akamjia kwa nyuma akamkumbatia. Zahir akasema, "Nani huyu? Niachie!" Alipogeuka akamtambua, akazidi kuubana mgongo wake kwenye kifua cha Mtume. Mtume akawa anasema kwa utani, "Nani atamnunua mtumwa huyu?" Zahir akajibu, "Wallahi ewe Mtume wa Allah, utaniona nimedoda." Akamwambia, "Lakini kwa Allah wewe hukudoda." Wameipokea Ahmad, na Tirmidhi katika kitabu chake cha Shamail.

Angalia kwamba Mtume hakumuuliza ameuza kiasi gani siku ile. Na hao waliokuwa wakikubonyezea laiki, binti yangu, wengi wao walipenda mabuibui. Usiwalaumu, lakini usiwafanye mizani.

Tena Abu Musa (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amesema: "Mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mkaazi mwenye afya" (Bukhari). Sadaka uliyokuwa ukitoa kwenye faida, sunna ulizokuwa ukiswali kwa kusimama, bado zinaandikwa nawe umelala kitandani. Imran bin Husayn (r.a.) alipougua bawasiri aliambiwa na Mtume aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Basi swali unavyoweza, bila kuona haya.

Sisemi biashara ni mbaya. Kuchuma halali ni ibada, na mgongo ukipona rudi kazini. Kwa sasa acha kufungua simu kuhesabu waliotazama, hasa usiku. Chagua jema moja asilolijua mtu, hata mumeo: dua kwa jirani, au sadaka ndogo ya siri.

Mweleze mumeo haya uliyoniandikia mimi, maana huenda hajui. Na kama usingizi umekupotea na huzuni haikuachii, mwambie daktari wako wa mgongo akuelekeze kwa daktari wa maradhi ya nafsi. Mtume ametuamrisha kujitibu, na maradhi hayo yamo.

Wallahu a'lam.