Kabla hujamchukua paka wa jirani

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, na mama yako anauliza kama miguu bado inakuvimba jioni. Barua yako imefika pamoja na dumu la asali, nasi tunakushukuru sana. Umeuliza jambo moja, na umelieleza vizuri: jirani yenu wa ukuta mmoja hapo Isevya ana paka jike ambaye tangu masika haangaliwi, anashinda mlangoni kwako akilia, ana kidonda sikioni, na mifupa ya mgongo wake inahesabika. Mjukuu wangu anamwonea huruma hadi analia. Mumeo anasema kumchukua mnyama wa mtu ni wizi, na juu ya hayo anahofia ujauzito wako. Unataka nikwambie umchukue au umwache.

Mchukue, lakini kwa idhini ya mwenyewe. Mumeo ana haki katika hilo la kwanza. Paka aliyekonda bado ana mwenyewe, na ukianza kumfungia ndani kimyakimya utakuwa umepata paka na umepoteza jirani, nawe unakaribia kujifungua na mtu wa kwanza kukusikia usiku ukipiga kelele ni huyo aliye upande wa pili wa ukuta.

Umemwandika mama huyo kwa maneno makali. Hasira yako naielewa, maana miaka yote niliyokuwa bwana mifugo sikuwahi kuzoea kumwona mnyama akiteswa na njaa huku ana mwenyewe. Hata hivyo, nakuomba umtazame tena. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, hapa Ujiji na kule Katonga niliwaona paka waliozoea kunawiri kwa vichwa vya migebuka na dagaa wanaodondoka vichanjani wakizurura mitaani wakiwa mbavu nje. Wenye paka hao hawakuwa watu wabaya. Kitoweo kilipanda bei, na sahani za watoto ndizo zilizotangulia. Nimeona pia mara nyingi kwamba mnyama akianza kusahauliwa katika nyumba iliyokuwa ikimtunza, ndani ya nyumba hiyo kuna ugonjwa, kuna msiba, au kuna ndoa inayovunjika. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mume wa jirani hajaonekana tangu mwezi wa Ramadhani. Je, kuna mtu yeyote katika nyumba yenu aliyekwisha kumuuliza hali yake?

Basi nenda kwake jioni moja akiwa ametulia, uende peke yako, ukae, umuulize habari za watoto wake kabla ya habari ya paka. Ukifika kwenye neno lenyewe, usitaje kidonda wala mbavu. Mwambie tu, "Dada, huyu paka amenizoea na mtoto wangu amempenda; naomba uniruhusu nimlee." Kwa maneno hayo atakuwa ametoa, na mtu anayetoa hubaki na heshima yake, ilhali mtu aliyenyang'anywa kwa sababu ya aibu hukaa na uchungu. Akikubali, muulize kama paka amewahi kuchanjwa, kama amezaa, na kama amewahi kupewa au kupakwa dawa yoyote. Kisha yarudieni makubaliano hayo mbele ya mumeo na ya mwenye nyumba, ambaye naye lazima aulizwe kwa kuwa mmepanga, ili kesho mtu asije akasema vingine.

Akikataa, omba ruhusa ya kumlisha tu, na wengi hawakatai hilo. Ikitokea amekataa vyote na mnyama anazidi kudhoofika, hapo ndipo uende kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa mifugo wa kata, kwa sababu nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, mahali pa kujihifadhi na matibabu. Nimekutajia sheria hiyo ili ujue kwamba ipo, lakini usianze nayo mlangoni kwa jirani. Ukimtajia mtu sheria siku ya kwanza, siku ya pili hutakuwa na la kuzungumza naye.

Mwambie mkwe wangu kwamba dini haimzuii, na yeye anajua zaidi yangu. Abu Qatada aliinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, na mke wa mwanawe, Kabsha, alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaowazunguka nyumbani mwenu. Ipo pia hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Mimi hadithi hiyo huisikia kwa uzito mkubwa, na ndiyo sababu nakusihi usimchukue huyu paka kama huna hakika ya kumtunza hata baada ya mtoto kuzaliwa, wakati usingizi na fedha vitakapopungua. Paka anaweza kuishi miaka kumi na mitano na zaidi. Mkihama Isevya, mtahama naye.

Sasa nije kwenye mnyama mwenyewe. Siku atakapokuwa wako, kabla ya kumpa chochote, mkague kwa utulivu mahali penye mwanga. Inua mdomo wake wa juu kwa kidole utazame fizi: zikiwa za waridi ni jambo jema, zikiwa nyeupe amepungukiwa damu, na zikiwa za manjano huenda ini limeguswa. Vuta taratibu ngozi ya kisogo kisha uiachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, mwili hauna maji ya kutosha, ingawa kwa paka aliyekonda sana ngozi huchelewa hata kama maji yapo, hivyo angalia pia kama fizi ni kavu na zinanata. Chungulia masikio yote mawili, kwa maana kidonda ulichokiona kinaweza kuwa kimetokana na kujikuna. Ukikuta ndani uchafu mweusi unaofanana na mashapo ya kahawa, kuna utitiri wa masikio, nao unatibika. Halafu chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, umfute mgongoni karibu na mkia. Chembe nyeusi zitakazobaki kitambaani zikigeuka kuwa na wekundu, hizo ni kinyesi cha viroboto waliojaa damu yake. Paka mdogo au aliyedhoofika anaweza kufa kwa viroboto peke yao.

Katika chakula ndipo watu wenye huruma wanapokosea zaidi, kwa kuwa mtu akimwona mnyama amekonda anatamani ale ashibe siku hiyohiyo. Mwili uliokaa muda mrefu bila chakula, ukijazwa ghafla, chumvi za damu huvurugika na mnyama anaweza kufa akiwa ameshiba. Kwa siku za mwanzo mpe kidogokidogo, mara tano au sita kwa siku, uongeze polepole. Upande wa pili, asiachwe siku mbili au tatu bila kula kabisa, maana paka anapogoma kula mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Ugali hauwezi kumlea, kwa kuwa kuna kirutubisho anachohitaji kwa ajili ya moyo na macho, kiitwacho taurini, ambacho hukipata kwenye nyama na samaki. Dagaa wetu wanafaa: waoshe mchanga utoke, wachemshe bila chumvi, umpe pamoja na maji yao, na ukipata maini au nyama ya kuku uchanganye, ili asile samaki peke yake kila siku. Usimmwagie mabaki ya mchuzi, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe za damu za paka hata vikiwa vimepikwa. Maziwa pia yaache. Paka wengi wakubwa hawawezi kuyasaga na huharisha, jambo ambalo aliyekonda hahitaji hata kidogo. Maji safi yawepo saa zote.

Kuhusu dawa, mwanangu, hapa naandika kwa msisitizo wote nilio nao. Usimpe panado. Kidonge kimoja cha parasetamoli, kile unachokunywa wewe kichwa kikiuma, kinatosha kumuua paka, kwa sababu ini lake halina njia ya kukivunja kama letu. Usimnyunyizie dawa ya kuogeshea ng'ombe wala unga wa viroboto vya mbwa, kwani nyingi ya hizo zina pemetrini na jamii zake, na paka aliyepakwa hutetemeka, akashikwa na degedege, akafa. Utasikia watu wakikushauri umpake mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Wakatalie hata kama ni wakubwa zako: vitu hivyo huunguza ngozi, naye huvilamba vikaingia tumboni. Chanuo lenye meno ya karibu karibu, kila siku, huku ukichovya viroboto kwenye maji ya sabuni, litakusaidia mpaka upate dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya paka.

Hofu ya mumeo juu ya ujauzito ina msingi, na ninamheshimu kwa kuifikiria. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma ambacho hutoka katika kinyesi cha paka na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini sikiliza namna kinavyofanya kazi. Paka hukitoa zaidi kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, na kinyesi kinapotoka hakiambukizi papo hapo. Kimelea huhitaji siku moja hadi siku tano ndipo kiwe na nguvu ya kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kikizolewa kila siku na kufukiwa mbali, hatari hupungua sana, na kazi hiyo aifanye mumeo, wewe usiiguse hadi ujifungue. Usimpe paka nyama mbichi. Jua pia kwamba watu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva na kwa mboga zisizooshwa, kwa hiyo mishkaki yenye damu ndani, ambayo najua unaipenda, iache kwa sasa. Mueleze mkunga wako kliniki kwamba mna paka. Mchanga wa uani anaochezea mjukuu wangu ufunikwe, kwa kuwa paka hupenda kujisaidia hapo.

Jambo ambalo halina mjadala ni kichaa cha mbwa, kwa maana paka naye hukipata na hukiambukiza. Mtoto asimguse paka huyu mpaka paka achanjwe na akae siku kadhaa mkimtazama. Akimng'ata au kumparura mtu, osheni jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kuona kama paka ataugua, kwani dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna tiba. Ulizeni ofisi ya mifugo ya manispaa kuhusu chanjo. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi huwa kuna kampeni za kuchanja mbwa na paka. Nanyi mkifika huko, ulizeni nani hapo Tabora anafunga kizazi cha paka. Jike hubeba mimba kwa takriban wiki tisa na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha, na hao watoto wake ndio paka wa mitaani ambao wewe na mwanao mtawalilia mwakani. Watu wengine huona kufunga kizazi ni ukatili. Mimi, kwa niliyoyaona majalalani, naona ukatili uko upande mwingine.

Mwisho, usishangae akirudi kulala kwa jirani. Paka hushika mahali kuliko anavyoshika mtu, na kwenu ni ukuta mmoja tu. Mzuie ndani wiki mbili tatu za mwanzo, umlishe saa zilezile, na uwaombe watoto wa jirani waje kumwona kwako badala ya kumwita kwao. Wao nao walikuwa na paka, na hakuna aliyewauliza wanajisikiaje.

Mama yako ameshachambua dagaa wa kutosha, nasi tutakutumia kwa treni wiki hii. Nusu yake mpelekee jirani. Niandikie akujibu nini, na siku utakayomkagua, ukikuta fizi ni nyeupe au za manjano, usingoje barua yangu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo asubuhi ya siku inayofuata, na apimwe uzito kabla ya kupewa dawa ya minyoo.

Baba yako