Maneno yanayojitokeza na kufifia polepole katika Scratch

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unatengeneza katuni fupi ya Scratch (programu ya kutengenezea katuni na michezo kwa kuunganisha bloku, yaani vipande vya maagizo) kwa ajili ya wanafunzi wako, na kwamba maneno ya utangulizi yanatokea ghafla na kutoweka ghafla kwa sababu umetumia bloku za kuonyesha na kuficha peke yake. Nimesimamia klabu ya kompyuta ya shule ya sekondari kwa miaka kadhaa, na jambo hilo nililikosea mara tatu kabla halijanikalia vizuri, hivyo nitakupa njia pamoja na makosa yake.

Bloku unayoihitaji imo katika kundi la zambarau, lile la mwonekano. Ni ile ya athari za picha. Ukifungua orodha yake utakuta rangi, mwangaza na nyinginezo, na ya mwisho kabisa ni ile ambayo sisi klabuni tuliiita mzuka. Mzuka ukiwa 0 maneno huonekana kamili, na ukiwa 100 hayaonekani hata kidogo, ingawa spraiti yenyewe, yaani picha ya maneno hayo inayoongozwa na bloku, bado imesimama jukwaani, kwenye eneo la kuonyeshea katuni. Kwa hiyo maneno hujitokeza kwa kuushusha mzuka kidogo kidogo kutoka 100 hadi 0, na hufifia kwa kuupandisha. Athari hii huishika spraiti nzima, kwa maana kwamba huwezi kufifisha neno moja la sentensi na kuliacha jingine. Ukitaka hivyo, kila neno au kila mstari uwe spraiti yake.

Sasa tuje kwenye muda, maana hapo ndipo kazi ilipo. Scratch huchora jukwaa takriban mara 30 kwa sekunde, na kitanzi cha kurudia, yaani bloku inayorudia maagizo yaliyo ndani yake, hungoja mchoro mpya baada ya kila mzunguko. Ukirudia mara 50 huku ukibadilisha mzuka kwa -2, maneno yatajitokeza kwa sekunde 1.7 hivi, ukirudia mara 25 kwa -4, muda utakuwa nusu ya huo. Usiweke bloku ya kusubiri ndani ya kitanzi. Niliwahi kuweka sekunde 0.2 kwa hatua kumi za -10, na maneno yakawa kama mtu anayepanda ngazi, hatua moja moja, jambo ambalo macho hulikamata mara moja.

Kosa langu la kwanza lilitokana na kutaka unadhifu. Nilikuwa na mistari sita ya maneno, nikaona nitengeneze bloku yangu mwenyewe ya kufifisha ili nisirudie kitanzi kilekile, na wakati wa kuiunda nikaweka alama kwenye kile kisanduku kinachoifanya iende bila kuchora upya skrini, nikidhani nitaiongezea kasi. Niliiongezea kasi kweli: hatua zote 50 zilimalizika kabla jukwaa halijachorwa hata mara moja, na maneno yakatokea ghafla vilevile kama yako. Jioni nzima niliimaliza nikikagua hesabu ambayo haikuwa na kosa lolote.

La pili liligunduliwa na wanafunzi. Katuni ilikwenda sambamba na sauti iliyorekodiwa kwenye kompyuta yangu ndogo, lakini kwenye kompyuta kuukuu za klabu, ambazo hazikuweza kuchora mara 30 kwa sekunde kukiwa na picha kubwa nyuma, kila mstari ulichelewa, na ilipofika mstari wa nne msimulizi alikuwa amekwisha kwenda mbele. Dawa yake ni kuacha kuhesabu mizunguko na kuanza kuhesabu sekunde. Tengeneza kibadilika (mahali pa kuhifadhi namba) cha spraiti hiyo peke yake, kiite mwanzo, kisha kabla ya kitanzi kipe thamani ya kipima muda cha Scratch kwa wakati huo. Halafu tumia kitanzi cha kurudia hadi kipima muda ukitoa mwanzo kizidi 1.5, na ndani yake uweke mzuka uwe 100 kutoa zao la tofauti hiyo mara 100 gawanya kwa 1.5. Kitanzi kikiisha, weka mzuka 0 ili kusibaki ukungu. Kompyuta iwe nzito au nyepesi, kujitokeza kutachukua sekunde 1.5, ile nzito itaruka hatua chache tu. Nakusihi utumie kibadilika badala ya kukirudisha kipima muda kwenye sifuri, kwa sababu kipima muda ni kimoja kwa mradi mzima, na spraiti moja ikikigusa inaivuruga nyingine iliyo katikati ya safari yake.

Kuhusu muda wa maneno kukaa, mimi huyasoma kwa sauti mara mbili bila haraka, na huanza kuhesabu pale mzuka unapofika 0, kwani msomaji hasomi kitu wakati herufi bado ni kivuli. Watengenezaji wengi wapya huhesabu tangu mwanzo wa kujitokeza, ndiyo maana maneno yao huondoka yakiwa hayajamalizwa kusomwa.

Kosa la tatu lilitokea mbele ya wazazi. Katuni iliisha vizuri, jukwaa likabaki jeusi, nami nikabonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha. Papo hapo mistari yote sita ikajitokeza kwa pamoja, imerundikana katikati ya ukuta, kwa sababu kitufe hicho hufuta athari zote za picha na kurudisha mzuka kwenye 0. Kuficha, kwa upande wake, hakufutwi na kitufe hicho. Kwa hiyo kila baada ya kufifia weka bloku ya kuficha, na kabla ya kujitokeza weka mzuka 100 kwanza, ndipo uonyeshe; ukigeuza mpangilio huo, huenda neno likaonekana ghafla kabla ya kuanza safari yake.

Ukikwama kwenye ile fomula ya sekunde, weka hapa picha ya bloku zako kama zilivyo, nitaipitia.