Waranti ya miaka 10, lakini ya kitu gani?

SWALI: Friji yangu ina miezi 14. Umeme ulikatika, uliporudi ikanyamaza. Kadi imeandikwa waranti ya miaka 10, lakini duka linakataa. Nina haki?
Msomaji, Likoni

JIBU: Pole, dada. Soma maandishi madogo. Kwa kawaida miaka 10 ni ya kompresa pekee, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza. Friji nzima hupewa mwaka mmoja au miwili. Hata kompresa ikikubaliwa, mara nyingi unapewa kifaa tu: gesi, ufundi na usafiri unalipa wewe. Mpira wa mlango, balbu na rafu za kioo karibu kila kampuni huziacha nje, na kwetu pwani angalia pia kifungu cha kutu.

Kikwazo chako kikubwa ni umeme. Madhara ya umeme kupanda na kushuka huondolewa kwenye waranti nyingi. Lakini duka lisiseme tu “ni umeme”. Dai ripoti ya fundi wao kwa maandishi, itaje kilichoungua: rilei (swichi inayowasha kompresa), bodi ya saketi za umeme au kompresa yenyewe. Rilei ni kifaa kidogo, bei yake haikaribii ya kompresa, kwa hiyo usikubali kukadiriwa gharama kabla ya kupimwa.

Tafadhali usimwite fundi wa mtaani aifungue kwanza. Bomba la gesi likikatwa, dai lako limekufa.

Ukikataliwa bila sababu ya maandishi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, pamoja na risiti, kadi na namba ya utambulisho ya friji (serial number).